Rangi Kupotea Si Kufa

Wahenga walinena, usione vyaelea, vyaundwa. Nami naongeza langu: usione maji ni maangavu ukadhani yamesafika. Wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapenzi, mwaka huu nimeamua kuwaandikia habari za unga mweupe, jua na maji machafu. Najua wapo watakaosema, "Lo! Huyu naye ametuletea kemia hata katika jarida la Chama cha Kiswahili!" Vuteni subira kidogo. Kemia haikatai Kiswahili, na jambo lenyewe lilibisha hodi kwetu nyumbani bila kuuliza tunasema lugha gani.

Mama yangu hutia nguo rangi. Huchukua kitambaa cheupe cha pamba, akakifunga mafundo kwa uzi au akakichora kwa nta ya moto, kisha akakitumbukiza ndani ya rangi. Kikifunguliwa kimejaa maua na miduara ambayo hata yeye mwenyewe hakuitarajia. Karo yangu hutoka katika mashuka hayo, madera na vitambaa vya meza. Lakini kila kazi ina taka zake. Taka za Mama ni maji: maji ya buluu, ya zambarau, ya hudhurungi, ndoo baada ya ndoo, yanayoteremka mtaroni hadi kando ya bustani ya sukuma wiki ya jirani yetu. Mwaka jana jirani alianza kulalamika, na kusema kweli ana haki. Wanunuzi wakiona mtaro wa buluu unapita karibu na mboga, wanageuka na kwenda zao. Mzee wa mtaa akaja, akakaribishwa chai, akaimaliza, halafu akasema kwa upole kwamba Mama ama atafute njia ya kuyasafisha yale maji, ama aache kuyamwaga. Si mnajua, kuacha kuyamwaga ni kuacha kazi. Tangu siku hiyo sikupata raha. Nilianza kutafuta kama kuna kitu duniani ambacho kinaweza kuila rangi ndani ya maji, tena kwa bei ambayo mtu wa kwetu anaiweza.

Jua tunalo. Katika nchi hii jua si haba, na linatoka kila siku bila kutuletea bili. Tena jua lenyewe linajua kusafisha maji. Mwaka wa 1996 jarida la madaktari liitwalo The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watoto 206 wa Kimaasai hapa Kenya. Watoto hao walipewa chupa za plastiki za kutilia maji ya kunywa. Baadhi yao waliziweka chupa zao juu ya paa zikaota jua kutwa, na wengine wakaziweka ndani ya nyumba. Wale wa chupa za juani waliugua ugonjwa wa kuhara mara chache kuliko wenzao. Njia hiyo siku hizi inajulikana sana: chupa angavu isiyozidi lita 2, maji yasiyo na matope, saa 6 juani, au siku 2 kama mawingu yametanda.

Hata hivyo, kijidudu ni kiumbe hai. Jua linaweza kumwua. Rangi ya nguo haina uhai wa kutolewa. Aidha, rangi nzuri imetengenezwa makusudi ili isipauke juani, maana nani atanunua shuka la kupauka wiki ya kwanza? Kile kinachomfanya mteja amsifu Mama ndicho hicho kinachomfanya jirani amlalamikie.

Nilipomwendea mwalimu wetu wa kemia na swali langu, alinipa jina moja nikalitafute: titaniamu dioksaidi. Jamani, kumbe kitu hiki tumekizoea! Ni unga mweupe pe, unaotiwa katika rangi za ukuta ili ziwe nyeupe, na katika mafuta ya kujikinga na jua. Je, umewahi kupitisha kidole kwenye ukuta wa zamani uliopigwa na jua miaka mingi, kikatoka na vumbi jeupe kama chaki? Mojawapo ya sababu ni huo unga. Jua likiupiga, unakula gundi inayoshikilia rangi ukutani. Watengenezaji wa rangi walijua tabia hiyo tangu zamani na wakaiona kuwa adui. Ndiyo maana huivika kila chembe ya unga wao ganda jembamba la vitu vingine, ili usiile rangi yao wenyewe. Adui wa mtu wa rangi, kumbe angeweza kuwa rafiki wa mtu wa maji.

Waliouvuta ulimwengu uitazame tabia hiyo kwa jicho jingine ni Wajapani wawili, Kenichi Honda na mwanafunzi wake Akira Fujishima. Mwaka wa 1972, katika jarida la Nature, walieleza kwamba walitia kipande cha titaniamu dioksaidi majini, wakakiunganisha kwa waya na kipande cha platini, wakakimulika. Maji yakagawanyika: oksijeni upande huu, haidrojeni upande ule. Mwaka wa 1976 John Carey na wenzake huko Kanada walionyesha kuwa unga huo ukimulikwa unaweza kuzivunja sumu za mafuta zenye klorini ziitwazo PCB. Mwaka uliofuata, 1977, Steven Frank na Allen Bard wa Texas, Marekani, wakaonyesha kuwa unaweza kuiharibu sayanaidi ndani ya maji. Tangu hapo, watafiti wa nchi nyingi wamejiunga katika kazi hii.

Sasa hebu tuone unavyofanya kazi. Titaniamu dioksaidi ni semikondakta, yaani kitu ambacho si kipitishi cha umeme kama shaba, wala si kizuizi kabisa kama mpira. Ndani yake elektroni zimetulia chini, na juu kuna nafasi tupu ambamo zingeweza kutembea kwa uhuru. Katikati ya chini na juu hakuna pa kukanyaga. Nafasi hiyo huitwa pengo la nishati. Ili elektroni ivuke, lazima ipigwe na chembe ya mwanga, yaani fotoni, yenye nguvu ya kutosha kwa pigo moja.

Mtanielewa nikitumia mfano wa mwembe. Embe limekaa tawi la nne. Watoto kumi ambao kila mmoja mawe yake hufika tawi la tatu tu, hata warushe kutwa, hawataliangusha. Anakuja mmoja mwenye mkono wa kufika tawi la nne, mara moja tu, embe chini! Mwanga nao ni hivyo. Fotoni za mwanga mwekundu ni dhaifu, za buluu zina nguvu zaidi, na za urujuanimno, ambazo macho yetu hayazioni, zina nguvu kuliko hizo zote. Ile aina ya titaniamu dioksaidi iitwayo anatasi, ambayo ndiyo hutumiwa sana kwa kazi hii, ina pengo la elektroni-volti 3.2. Kwa hiyo inahitaji mwanga wenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 388 hivi, na huo ni urujuanimno.

Elektroni ikiruka juu, huacha tundu pale ilipokuwa. Tundu hilo lina njaa kali ya elektroni. Likifika kwenye uso wa chembe, huipokonya maji yanayoigusa elektroni yao, na hapo huzaliwa kitu kiitwacho radikali ya haidroksili. Katika kidato cha tatu tumesoma jinsi klorini inavyolitoa ua rangi. Basi radikali ya haidroksili ina uwezo wa kuoksidisha mkubwa kuliko wa klorini. Huishi muda mfupi mno, lakini katika muda huo hushika molekuli ya rangi au ya dawa ya kuulia wadudu na kuikatakata. Ile elektroni iliyoruka nayo hupokelewa na oksijeni iliyoyeyuka majini. Kazi ikifika mwisho, kaboni iliyokuwa katika rangi inakuwa kaboni dioksaidi, haidrojeni inakuwa maji, salfa inakuwa salfeti. Unga wenyewe haupungui. Ndiyo sababu huitwa kichocheo, na kwa kuwa kinaamshwa na mwanga, ni kichocheo cha mwanga.

Shule yetu ya kutwa haina titaniamu dioksaidi. Lakini kabatini maabara ina zinki oksaidi, ile tuliyoipasha moto kidato cha pili ikageuka manjano, ikapoa ikarudi nyeupe. Nayo ni semikondakta, na pengo lake linakaribiana na lile la titaniamu dioksaidi. Mwalimu akaturuhusu sisi wanne wa klabu ya sayansi tuijaribu kwa methilini buluu, ile rangi ya kutilia seli katika maabara ya biolojia.

Tulitayarisha sahani tatu zenye maji ya rangi ile ile, buluu ya anga. Ya kwanza tuliiacha juani bila unga. Ya pili tuliitia zinki oksaidi kiasi cha kijiko kidogo, tukaiweka juani na kuikoroga mara kwa mara. Ya tatu tuliitia unga kiasi kile kile, lakini tukaifungia ndani ya sanduku, giza totoro. Mwenzetu mmoja aliuliza, ya gizani ni ya nini na unga haufanyi kazi gizani? Mwalimu akamwambia, "Subiri uone." Na kweli, ile ya gizani nayo ilipauka kidogo, kwa sababu rangi nyingine ilijishikiza tu kwenye unga kama vumbi kwenye kiatu. Ukichuja unga huo unauona umegeuka buluu. Bila sahani ya tatu, tungehesabu rangi iliyojificha pamoja na rangi iliyovunjwa. Sahani ya kwanza ilipauka kidogo. Sahani ya pili, ilipofika wakati wa kengele ya kwenda nyumbani, ilikuwa maji matupu. Tulipiga makofi hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Niliyachuja maji hayo, nikayatia katika chupa, nikayapeleka nyumbani. Mama aliyainua kwenye mwanga, akayageuza huku na huku. Hakupiga makofi. Akaniuliza, "Ilikuwa buluu hii?"

"Ndiyo, Mama. Buluu kabisa."

"Na sasa imekwenda wapi?"

Nikamweleza habari za tundu na radikali kama nilivyowaeleza ninyi. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akanipeleka kwenye pipa lake la nili. Akachovya kipande cha kitambaa. Nili ikiwa ndani ya pipa, pamoja na soda kali na ile dawa ya unga wanayoiita haidrosi, huwa haina buluu. Maji yake ni ya manjano yenye ukijani. Akakitoa kitambaa, kikiwa na rangi ya manjano-kijani kama jani changa la mgomba. Tukasimama tunakitazama. Upepo ukakipiga, na mbele ya macho yangu kikaanza kugeuka, kijani, kisha buluu, kisha buluu nzito.

"Mwanangu," akasema, "rangi kupotea si kufa. Mimi naipoteza kila siku, na kila siku inarudi. Hiyo yako una hakika imekufa?"

Waama, elimu haina mwisho. Mama aliachia shule darasa la saba, lakini swali lake ndilo swali kubwa katika fani hii nzima. Nilipolifikisha kwa mwalimu alicheka kwa furaha, akasema kuwa hata methilini buluu yenyewe ina tabia hiyo: ikinyimwa oksijeni na kupewa elektroni hupoteza rangi, na ikitikiswa katika hewa buluu inarudi. Tena kuna hatari nyingine. Molekuli ikikatwa mahali pamoja tu, rangi hutoweka, lakini vipande vyake bado vimo majini, na vipande vya rangi nyingine za nguo huweza kuwa na sumu kuliko rangi yenyewe. Jicho la mtu haliwezi kuviona.

Basi tukayapima. Kwanza tuliyatikisa maji yetu katika hewa kwa dakika kumi. Buluu haikurudi. Hilo lilikuwa jema. Kisha mwalimu akatoa potasiamu manganeti, ile ya zambarau tunayoitumia katika hesabu za molari. Ikitiwa matone machache pamoja na asidi ya salfa katika maji safi, zambarau hubaki. Kukiwa na vitu vya kaboni ndani ya maji, huvila na zambarau yenyewe hufifia. Tuliyapasha moto maji yaliyotoneshwa, upande mmoja yale ya sahani ya pili, upande mwingine maji safi ya maabara. Zambarau ya maji safi ilibaki. Zambarau ya maji yetu ikatoweka. Maana yake ni kwamba ndani ya yale maji maangavu kulikuwa bado na kitu. Tukayarudisha mengine juani pamoja na unga kwa siku tatu zaidi, ndipo zambarau ikaanza kudumu. Kuiondoa rangi kulikuwa kazi ya siku moja, lakini kuimaliza ilikuwa kazi ya siku nne, tena kwa maji ya buluu hafifu ya sahani moja.

Na maji ya Mama je? Tuliyaleta hayo nayo, maana ndiyo yaliyotutuma. Tukayatia unga, tukayaweka juani alasiri nzima. Hayakubadilika hata chembe. Sababu tulizipata tatu. Kwanza, ni mazito kama wino, mwanga hauzami hata upana wa kidole, na unga ulio chini umekaa gizani kama ule wa sandukuni. Pili, mabaki ya haidrosi huzipokea radikali kabla hazijaifikia rangi. Ni kama kumpikia mgeni halafu mlango wa jikoni umeachwa wazi kwa kuku. Tatu, si tumesoma kwamba zinki oksaidi huyeyuka katika asidi na pia katika alikali kali? Maji ya Mama yamejaa soda kali, kwa hiyo unga huweza kuanza kuyeyuka, ukaongeza zinki katika maji uliyotaka kuyasafisha. Tulipoyapunguza makali kwa asidi kidogo, tukachanganya kikombe kimoja na ndoo nzima ya maji, yakafifia kwa siku mbili, ila hayakuisha. Nani mtaani kwetu ana ndoo ya maji ya kupoteza kwa kila kikombe cha uchafu?

Hapa ndipo nilipofahamu kwa nini watu wazima wenye maabara kubwa bado wanahangaika na kuviunda upya hivi vichocheo zaidi ya miaka 50 baada ya 1972. Titaniamu dioksaidi haiyeyuki ovyo kama zinki oksaidi, ni ya bei nafuu, na haina sumu kali. Tatizo lake ni pengo. Katika mwanga wa jua unaofika ardhini, urujuanimno ni asilimia 4 au 5 tu. Yaani katika kila shilingi 100 za jua, unga unaokota 5 na kuziacha 95 zipite.

Mtu atasema, si wapunguze pengo basi, unga uweze kutumia na mwanga wa kawaida? Wamejaribu. Kadmiamu salfaidi ina pengo dogo, la elektroni-volti 2.4 hivi, na hula hata mwanga wa buluu na kijani. Lakini matundu yake hugeuka kuila salfaidi yenyewe, na kadmiamu, ambayo ni sumu, ikamwagika majini. Huo ni mlinzi anayekuibia. Mwaka wa 2001 Ryoji Asahi na wenzake wa Japani walitangaza kuwa wameitia titaniamu dioksaidi nitrojeni kidogo, na ikaanza kuitikia mwanga unaoonekana. Mwaka wa 2009 Xinchen Wang na wenzake wakatangaza unga wa manjano wa kaboni na nitrojeni tu, usio na metali, ambao kwa mwanga unaoonekana uliweza kutoa haidrojeni katika maji. Unga wa namna hiyo unaweza kutengenezwa hata kwa kuichoma urea, ile mbolea ya mahindi, ndani ya chombo kilichofunikwa, kwa joto la nyuzi 550 hivi. Niliposoma hivyo nusura niruke! Lakini nao una lake. Pengo lake ni 2.7, na matundu yake hayana nguvu ya kutengeneza radikali ya haidroksili moja kwa moja kutoka kwa maji. Ukilipunguza pengo unapata mwanga mwingi, lakini aghalabu unapoteza nguvu ya pigo. Mkono mmoja unatoa, mwingine unapokonya.

Kuna na mengine. Elektroni nyingi zikisharuka hurudi zikaingia matunduni mwao kabla ya kufanya kazi yoyote, zikaacha joto tu. Ili kuzizuia, watafiti huunganisha semikondakta mbili, elektroni zikimbilie upande mmoja na matundu upande mwingine, au hubandika vijichembe vya fedha au platini vya kuzishikilia. Aidha, chembe zikiwa ndogo huwa na uso mkubwa. Gramu moja tu ya unga mzuri wa titaniamu dioksaidi ina uso wa mita 50 za mraba, karibu sawa na sakafu ya darasa. Hiyo ni neema, kwa maana kazi yote hufanyika juu ya uso. Lakini chembe ndogo namna hiyo utazichujaje? Ukizibandika kwenye kioo au kigae zisipotee, sehemu ya uso unaipoteza. Kila mlango unaoufungua, nyuma yake kuna mwingine uliofungwa.

Je, nimekata tamaa? La hasha. Nimejifunza kuuliza maswali manne kila nisikiapo kwamba fulani amepata unga wa kusafisha maji. Anatumia mwanga gani, wa jua au wa taa? Maji yake ni ya maabara au ya mtaroni? Je, alikuwa na sahani ya gizani? Na la nne, ambalo ni la Mama, rangi imekufa au imejificha? Anayejibu yote manne bila kigugumizi, huyo ndiye wa kusikilizwa.

Kwa upande wetu nyumbani, tumefanya tunaloweza kwa sasa. Mama halimwagi pipa la nili mara moja kama zamani. Hulitumia lile lile kwa wiki kadhaa, akiliongezea nili na haidrosi, hata rangi ya kumwaga imepungua sana. Maji ya kusuuzia huyapanga, ya ndoo ya tatu leo yakawa ya ndoo ya kwanza kesho. Mzee wa mtaa alikuja tena, akatazama mtaro, akasema ataturudia baada ya mavuno. Jirani bado hajafurahi, nami simlaumu, kwa sababu mtaro bado una buluu, ingawa ni hafifu. Yeye anataka sukuma zake ziuzike, Mama anataka mashuka yake yauzike, nami nataka kumaliza shule. Haki za watu watatu zimepita katika mtaro mmoja.

Wenzangu, tunapoingia maabara tukapewa zinki oksaidi tuipashe moto, tunaandika tu "manjano ikiwa moto, nyeupe ikiwa baridi", tunafunga daftari. Kumbe tumeshika mkononi kitu ambacho watafiti wanakikesheshea. Haiwezekani kwamba jua likae kwetu, uchafu ukae kwetu, halafu fikira zote zitoke ng'ambo. Penye nia pana njia. Klabu ya sayansi ina sahani tatu, sanduku moja la giza, na nafasi ya watu wengine sita. Kidato cha kwanza na cha pili, karibuni, njooni kila Alhamisi baada ya masomo. Muhula ujao tunataka kujaribu unga uliobandikwa kwenye vigae vilivyovunjika, maji yakiteremka juu yake kidogo kidogo, membamba kama karatasi, ili jua lipenye mpaka chini. Yakifaulu au yasifaulu, mtasoma matokeo katika jarida hili mwakani.

Kalamu naiweka chini. Mama, najua utaisoma hii. Nitalijibu swali lako.